Aliendeleaje Baada ya Kutoka Wodini?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa madaktari, wauguzi na watafiti wa hospitali. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyooneshwa ukumbini imeachwa.

Ndugu mwenyekiti, madaktari bingwa wa idara zote, wauguzi, wafamasia, watunza kumbukumbu, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana.

Nianze na mafaili matatu.

Nilipokuwa daktari kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilitumwa kwenye chumba cha kumbukumbu kutafuta faili la mama mmoja aliyekuwa amefariki dunia. Mtunza kumbukumbu, mzee aliyezijua rafu zake hata kwa kupapasa, akaniuliza, "Unataka lipi, daktari? Yapo matatu." La kwanza lilikuwa la idara ya mifupa. Mama alivunjika paja, akapasuliwa, mfupa ukaungwa vizuri, kidonda kikakauka, akaruhusiwa akiwa na vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Mstari wa mwisho uliandikwa: "Ameruhusiwa, hali nzuri." La pili lilikuwa la magonjwa ya ndani. Wiki mbili baadaye alirudi akihema, akakutwa na damu iliyoganda kwenye mapafu, akatibiwa, akapata nafuu, akaruhusiwa akiwa na wafarini ya kuzuia damu isigande tena. Mstari wa mwisho: "Ameruhusiwa, hali nzuri." La tatu lilikuwa la idara ya dharura, nalo lilikuwa na ukurasa mmoja tu. Aliletwa usiku akitapika damu, akafa kabla ya mapambazuko. Vidonge vya idara ya kwanza alikuwa bado anavimeza alipoanza dawa ya idara ya pili, ingawa dawa hizo zikichanganywa huweza kuleta kutokwa damu tumboni, na hakuna faili hata moja kati ya yale matatu lililoziandika dawa zote mbili pamoja.

Takwimu za mwaka zilipotoka, idara ya mifupa ilihesabu upasuaji uliofanikiwa. Idara ya magonjwa ya ndani ilihesabu mgonjwa aliyepona. Idara ya dharura ilihesabu mgonjwa aliyefikishwa akiwa hoi. Hakuna aliyesema uongo, kwa sababu kila idara iliandika kile ilichokiona kati ya mlango wake wa kuingilia na mlango wake wa kutokea. Lakini nawauliza, ndugu zangu: mama yule alihesabiwa na nani?

Hilo ndilo jambo kuu nililokuja kulisema leo. Matokeo ya tiba ni ya mgonjwa, naye huvuka milango yetu yote akiwa na mwili mmoja. Utafiti unaoishia mlangoni pa wodi umepima kazi ya wodi. Kilichompata mgonjwa bado haujakipima.

Swali hili si jipya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mjini Boston nchini Marekani, daktari wa upasuaji Ernest Amory Codman alimfungulia kila mgonjwa wake kadi. Aliandika mgonjwa alikuja na tatizo gani na alifanyiwa nini, kisha, mwaka mmoja ulipopita, alimtafuta na kuandika aliendeleaje. Pale matokeo yalipokuwa mabaya aliandika na sababu yake: je, tulikosea kuutambua ugonjwa, tulipungukiwa ustadi, tulikosa vifaa, au ugonjwa wenyewe ulituzidi nguvu? Aliuita utaratibu huo wazo la matokeo ya mwisho. Alipotaka madaktari wa Massachusetts General Hospital wapimwe kwa kipimo hicho, wakubwa hawakukubali, naye akajiuzulu mwaka 1914. Katika hospitali yake ndogo mwenyewe, kati ya mwaka 1911 na 1916, waliruhusiwa wagonjwa 337, na Codman akachapisha makosa 123 yaliyotokea katika kuwatibu. Aliyachapisha hadharani, kwa hiari yake, na wagonjwa wangeweza kuyasoma. Wahenga walituambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunaitumia methali hiyo kuwahimiza wagonjwa wasitufiche dalili zao. Je, tumewahi kuielekeza kwetu wenyewe?

Sasa naomba tuitazame aina moja ya dawa inavyopita katika idara tatu, kwa maana sijapata mfano mwingine unaoeleza jambo hili kwa uwazi kama steroidi, yaani kundi la dawa za kupunguza uvimbe.

Idara ya kwanza ni ya uzazi. Mwaka 1972, huko Auckland nchini Nyuzilandi, Graham Liggins na Ross Howie walitoa matokeo ya utafiti wao kwa akina mama 282 waliotarajiwa kujifungua kabla ya wakati. Liggins alikuwa amegundua katika majaribio ya kondoo kwamba mwanakondoo aliyepata steroidi tumboni aliweza kupumua ingawa kwa umri wake mapafu hayakupaswa kuwa yamekomaa. Katika utafiti wao wa wanadamu, vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 kwa watoto ambao mama zao walichomwa sindano ya steroidi, na asilimia 15 kwa wale ambao mama zao hawakuipata. Watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikuwa wamepata mlinzi. Pamoja na hayo, ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya tiba hiyo kukubalika kwa upana hata katika nchi tajiri. Katika miaka hiyo yote ushahidi ulikuwepo, umeandikwa na umechapishwa, na watoto waliendelea kufa. Sina lugha laini ya kulieleza hilo.

Idara ya pili ni ya majeraha ya kichwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini madaktari waliwapa steroidi watu walioumia kichwa, kwa hoja inayoingia akilini: ubongo ulioumia huvimba, na steroidi hupunguza uvimbe. Nani angebisha? Tafiti ndogo ndogo zilizokuwepo hazikutosha kuamua lolote, nyingine zikielekea huku na nyingine kule. Ndipo ukafanyika utafiti mkubwa ulioitwa CRASH, ambao uliwapanga kwa bahati nasibu watu wazima 10,008, nusu wakipata steroidi na nusu wakipata dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani yake. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004. Ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopata steroidi, na asilimia 17.9 ya waliopata dawa bandia. Tiba iliyotolewa kwa nia njema kabisa, kwa miongo mitatu, ilikuwa inaua. Na hakuna daktari hata mmoja ambaye angeweza kuliona hilo akiwa amesimama kando ya kitanda. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa aliyeumia vibaya kichwani akifa, daktari husema jeraha limemuua. Tofauti ya vifo vitatu katika kila wagonjwa mia moja haionekani kwa macho ya mtu mmoja, hata awe bingwa wa namna gani. Inaonekana pale tu wengi wanapohesabiwa kwa haki, kundi kwa kundi.

Idara ya tatu ni ya magonjwa ya njia ya hewa. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokuwa imezijaza wodi, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulijaribu deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu ambayo kila mfamasia hapa anaijua. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipumuliwa na mashine, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine vilishuka kwa kiasi kidogo tu, kutoka asilimia 26.2 hadi 23.3. Na kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni? Kwao hakukuonekana faida yoyote, na idadi ya vifo ilielekea kuwa kubwa zaidi kwa waliopewa dawa. Ugonjwa ulikuwa mmoja, dawa moja, kipimo kimoja, mwaka mmoja, na jibu lilibadilika kulingana na hali aliyokuwa nayo mgonjwa siku alipoanza dawa.

Naomba tusiharakishe kuiacha steroidi, kwa sababu kisa cha idara ya uzazi hakikuishia mwaka 1972. Utafiti ulioitwa ACT, uliochapishwa mwaka 2015, uliipeleka tiba ile ile ya watoto njiti kwenye jamii za nchi 6 zenye kipato cha chini na cha kati, Kenya na Zambia zikiwemo, na ulifuatilia uzazi karibu laki moja. Tulitarajia nini? Tulitarajia vifo vipungue. Lakini katika jamii zilizopokea mpango huo, vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka, kwa kiasi cha vifo 3.5 zaidi katika kila watoto 1,000. Akina mama wengi waliopewa dawa hawakujifungua kabla ya wakati hata kidogo, na wengi wa watoto walizaliwa mahali ambapo huduma ya mtoto njiti ilikuwa haba. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti mwingine katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ambako umri wa mimba ulipimwa kwa altrasaundi na mtoto alipozaliwa alikuta watu na vifaa vya kumhudumia. Huko vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na 23.5 kwa wasioipata, na utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi.

Mnaona jambo hilo lilivyo zito? Sindano ya idara ya uzazi inaokoa pale idara ya watoto wachanga inapokuwa tayari kumpokea mtoto. Matokeo yanatengenezwa na idara mbili, na mtafiti aliyesimama katika moja tu hawezi kuyaeleza.

Nije kwenye jambo la pili, nalo ni tofauti kati ya alama na matokeo. Sisi wa hospitali tunapenda alama. Shinikizo la damu limeshuka, tunafurahi. Sukari imeshuka, tunafurahi. Mapigo ya moyo yamekaa sawa kwenye karatasi, tunafurahi. Lakini mgonjwa hakuja kutafuta alama.

Wapo hapa wenzetu wa wodi za watoto wanaoukumbuka utafiti wa FEAST, kwa kuwa ulifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto analetwa na homa kali, mikono na miguu ni ya baridi, ukibonyeza ukucha damu inachelewa kurudi. Tulifundishwa nini? Tulifundishwa kumwekea dripu na kumpa maji kwa kasi. Watafiti waliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya chumvi kwa kasi, wengine maji yenye albumini, protini ya damu, kwa kasi, na wengine hawakupewa maji ya kasi bali huduma nyingine zote. Mwaka 2011 kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu ikaagiza usajili usimamishwe. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa.

Lakini kinachoniondolea usingizi ni hiki. Katika saa ya kwanza, dalili za mzunguko hafifu wa damu zilipungua mapema zaidi kwa watoto waliopewa maji kwa kasi. Muuguzi aliyeugusa mguu wa mtoto huyo aliuona umeanza kupata joto, daktari akaandika kwamba mtoto anaitikia tiba, na mama akashusha pumzi. Wote walikuwa wakweli. Alama iliboreka, na watoto zaidi wakafa. Kama utafiti ule ungepima saa ya kwanza tu, leo tungekuwa tunaitangaza tiba hiyo kwa kujiamini zaidi kuliko zamani.

Wenzetu wa moyo walipita njia hiyo kabla yetu. Katika utafiti wa CAST, wagonjwa waliowahi kupata mshtuko wa moyo walipewa enkainidi au flekainidi, dawa ambazo zilikuwa zimethibitika kuyazima mapigo yao yasiyo ya kawaida. Kati ya 755 waliopewa dawa hizo walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa dawa bandia walikufa 26. Karatasi ya kipimo cha moyo ilionesha mapigo yaliyokaa sawa.

Jambo la tatu linahusu kuhesabu kwenyewe, kwa sababu nasikia idara zikishindanishwa, na hata hospitali zikipangwa kwa madaraja, kwa kutumia hesabu ambazo hazijakomaa. Florence Nightingale, ambaye hakuna anayetilia shaka mapenzi yake kwa wagonjwa wala kipaji chake cha takwimu, alichapisha mwaka 1863 jedwali lililoonesha kwamba hospitali 24 za London zilikuwa na vifo zaidi ya asilimia 90. Je, ni kweli kwamba katika kila wagonjwa kumi walioingia tisa walitoka maiti? La hasha. Vifo vya mwaka mzima vilikuwa vimegawanywa kwa idadi ya wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja tu ya hesabu. Wakosoaji walimjia juu, na walikuwa na haki, ingawa swali alilouliza, kwamba kwa nini hospitali moja ipoteze wagonjwa kuliko nyingine, lilikuwa swali sahihi kuliko hesabu iliyolibeba.

Kosa hilo bado tunalo, limevaa nguo nyingine. Chumba cha wagonjwa mahututi kikilinganishwa na wodi ya macho, nani atashangaa kwamba vifo viko upande mmoja? Daktari wa upasuaji anayekubali kumpasua mzee mwenye kisukari, figo dhaifu na moyo uliochoka ataonekana mbaya kwenye jedwali mbele ya mwenzake anayechagua vijana wenye afya. Tukichapisha jedwali hilo bila kuzingatia umri, ukali wa ugonjwa na maradhi mengine aliyokuja nayo mgonjwa, tutakuwa tumewafundisha madaktari kuwakimbia wagonjwa wanaowahitaji zaidi.

Nitaje kwa kupita tu hatari ya kukatakata takwimu vipande vidogo vidogo. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo, ulionesha wazi kwamba aspirini inaokoa maisha. Watafiti wenyewe, ili kutoa onyo, waliwagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa, na ikaonekana, kwa bahati tu ya hesabu, kwamba kwa wenye nyota ya Mapacha na Mizani aspirini haikusaidia. Vijana wangu watafiti, mkiigawa sampuli yenu kwa idara kumi na mbili na kukuta dawa imeshindwa katika idara moja, kumbukeni Mapacha na Mizani kabla ya kuandika makala. Mgawanyo unaoaminika ni ule uliopangwa kabla ya kazi kuanza, wenye wagonjwa wa kutosha, kama ule wa oksijeni niliousimulia.

Sasa nirudi kwa mgonjwa mwenyewe, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo tunapoanguka mara nyingi.

Katika kila utafiti wa ufuatiliaji wapo wanaopotea. Kwenye daftari tunaandika "hapatikani", kisha tunahesabu waliobaki kana kwamba waliopotea walikuwa kama wao. Je, walikuwa kama wao? Aliyepona kabisa huenda haoni sababu ya kurudi. Aliyezidiwa hana nguvu za kurudi. Aliyekufa hatarudi. Ukiwahesabu waliokuja kliniki peke yao, umewahesabu wale ambao afya yao iliwaruhusu kuja, na jibu lako limekwisha kupinda kabla hujafungua kompyuta. Ndiyo maana namwona karani anayeandika namba mbili za simu badala ya moja, na jina la ndugu wa karibu, na kumsomea mgonjwa namba hizo ili azihakiki kabla ya kuondoka, kuwa mtafiti sawa na profesa. Wengi wenu makarani mmekaa viti vya nyuma leo. Sogeeni mbele, kazi hii ni yenu.

Na tukimpata mgonjwa, tumuulize nini? Kiswahili kina methali isemayo mgonjwa haulizwi uji, yaani mpe tu, usimsumbue kwa maswali. Kwa uji ni sawa. Kwa matokeo ya tiba, ni lazima aulizwe, na aulizwe kwa idhini yake, kwa lugha anayoielewa, juu ya mambo yanayomgusa yeye.

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki katika ufuatiliaji wa wagonjwa waliolazwa na kuruhusiwa kutoka idara mbalimbali. Siku ya 90 muuguzi wetu alimpigia simu mzee mmoja aliyepata kiharusi. Faili lake lilisema: "Ameruhusiwa, hali nzuri." Muuguzi alisoma maswali ya fomu moja baada ya jingine. Amelazwa tena? Hapana. Anatumia dawa? Ndiyo. Shinikizo la damu likoje? Limeshuka. Fomu ikaisha. Muuguzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusikiliza, hakukata simu, akamuuliza, "Na wewe mwenyewe, baba, unaendeleaje?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hawezi kufunga vifungo vya shati lake, kwamba binti yake humfungia kila asubuhi, na kwamba kwa sababu hiyo ameacha kutoka nje.

Hakuna daktari wa mishipa ya fahamu, wala wa mazoezi ya viungo, wala wa afya ya akili aliyekuwa akijua. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo. Muuguzi aliliandika pembeni, kwa kalamu, kwa herufi ndogo zilizopanda hadi juu ya ukurasa. Tulipokaa kuzipitia fomu zote tulikuta alikuwa ameandika pembeni kwenye nyingi: yupo asiyelala tangu atoke chumba cha wagonjwa mahututi, yupo anayeogopa kupanda ngazi, yupo mama ambaye mshono wake ulipona lakini hawezi kumbeba mwanawe. Tuliyakusanya maandishi yale ya pembeni, tukayapanga, na fomu ya mwaka uliofuata ilianza na swali la muuguzi yule.

Asanteni kwa kunisikiliza.